Maji ya Mkono wa Shangazi

Naandika haya kwa yule ambaye leo ameambiwa na daktari apunguze maji, akatoka chumbani akidhani amepewa sharti jepesi. Mimi pia nilitoka hivyo. Nilikuwa nimejiandaa kusikia habari za kifo, au za kisu. Kuambiwa nisinywe sana nilikuona kama msamaha. Nilimkuta mama yangu kwenye benchi la nje nikamwambia, "Ni maji tu." Akashika kifua, akasema alhamdulillahi. Hatukujua, mimi wala yeye, kwamba nyumba yetu ingepasukia hapo hapo.

Ilikuwa masika, mwaka 1991, siku chache baada ya Idi. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni Butare, nasoma kemia, na nilikuwa na tabia ya kuuliza maswali mpaka watu wakaanza kunikwepa mezani. Nilikuja Kigali likizo, kwetu Biryogo, ambako baba yangu ana cherehani na kioo kirefu cha wateja. Asubuhi moja nilijitazama katika kioo hicho nikakuta kope zimejaa, kama za mtu aliyetoka msibani. Jioni uvimbe ulikuwa umeshuka miguuni. Ukibonyeza kidole kwenye muundi, kishimo kinabaki pale pale, hakitaki kufumba.

Hospitalini tulikaa kwenye korido, kila mmoja na mkojo wake mkononi. Hakukuwa na vichupa maalumu; mtu alileta alichonacho. Mimi nilileta kichupa cha manukato ya Mama. Mzee mmoja wa Gikondo aliyeketi pembeni yangu, fundi wa gereji, alikitazama changu, kisha chake.

"Binti," akasema, "ya kwako iko na povu kama bia. Ungefungua baa."

Watu wakacheka, mimi nikacheka kuliko wote. Povu lile ndilo lilikuwa ugonjwa wenyewe, lakini siku hiyo hakuna aliyejua, na bado nakumbuka kicheko kile kwa shukrani. Ukiwa kwenye benchi kama lile, mruhusu anayekuchekesha akuchekeshe.

Daktari alisema ni figo, akachukua chupa tupu ya soda kutoka dirishani kwake. "Hii moja na nusu, kwa siku nzima," akasema. "Chai ni maji. Uji ni maji. Mchuzi ni maji. Chungwa pia. Na chumvi, sahau."

"Kwa nini figo zangu?"

"Hatujui."

"Zitapona?"

"Kwa wengine zinapona. Tutajaribu dawa."

Nilikuwa nimekwenda chuo kikuu ili nisiishi na majibu kama hayo. Nilimuuliza tena kwa njia nyingine, na tena, mpaka nesi aliyesimama mlangoni akanishika bega na kuniambia kwa Kinyarwanda, "Ihangane." Vumilia. Neno hilo nililichukia miaka miwili.

Tuliporudi nyumbani Mama alinikalisha jikoni. Alikuwa anachambua mchele, na aliniuliza bila kuinua macho.

"Kabla hujavimba, ulikunywa wapi nje ya nyumba hii?"

"Kwa Shangazi, Kabuga. Nilipokwenda kumpa mkono wa Idi."

"Alikupa nini?"

"Maji, Mama. Jua lilikuwa kali."

"Akaonja?"

Kwetu Rwanda anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele ya macho yako, ndipo akukabidhi. Hakuna anayesema kwa nini, na kila mtu anajua kwa nini.

"Angeonjaje?" nikasema. "Alikuwa amefunga sita."

Ni zile siku sita za sunna baada ya Ramadhani. Shangazi Zubeda, dada mkubwa wa baba yangu, hakuwahi kuziacha. Alininyoshea kikombe kwa mikono miwili, akaomba radhi kwamba hawezi kuonja, nami nikakipokea na kukimaliza. Nilimweleza Mama hivyo hivyo, nikidhani nimefunga mjadala.

Mama aliendelea kuchambua. Kisha akasukuma ungo pembeni. "Kwa hiyo hakuonja," akasema.

Nilimwambia kwamba sumu haiendi hivyo. Nilimwambia kwamba figo haziulizi nani alionja. Nikataja jina la Kifaransa la ugonjwa wangu, alilokuwa ameliandika daktari, nalo likazidi kuniharibia, maana jina refu lisiloelezeka lilimwonyesha Mama kwamba hata hospitali imeshindwa. Baba alikuwa kwenye cherehani, mlango wa pili. Alisikia kila kitu. Cherehani ilisimama kidogo, halafu ikaendelea.

Mwaka ule ulikuwa mwaka wa kushukiana. Vita vilikuwa kaskazini, barabarani kulikuwa na vizuizi, na watu walikuwa wamejifunza kutazama mikono ya wenzao. Mama hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa na mtoto mmoja aliyebaki, mtoto huyo alikuwa anavimba, na aliyesoma kuliko wote alikuwa amesema "hatujui". Alihitaji mtu wa kumjibu. Shangazi hakuwa na mtoto, alikuwa na mgahawa mdogo kando ya barabara ya mashariki, chai na chapati kwa wasafiri, na alikuwa amenipa maji bila kuonja. Ilitosha.

Sasa nieleze kiu, maana ndiyo utakayoishi nayo, na vijikaratasi vya hospitali haviielezi.

Mwili wangu ulikuwa umejaa maji na mimi nilikuwa nakufa kwa kiu. Maji yalikuwa chini ya ngozi, tumboni, katika kope, kila mahali isipokuwa mdomoni. Ulimi ulikuwa kama kipande cha turubai. Nilianza kusikia maji kama mbwa anavyosikia hatua. Nilijua jerikani inayojaa kwenye bomba la mtaa imefika wapi kwa mlio wake tu. Mvua ikipiga bati nilihisi natukanwa. Nilimwonea wivu mtu aliyekuwa anaosha gari.

Chumvi ilipoondoka, chakula kikawa kitu cha kutafuna. Vidonge vidogo vyeupe vilinipa uso wa duara, mashavu kama ya mtoto anayenyonya, na nywele laini kwenye taya. Mwanafunzi mwenzangu alikuja kutoka Butare kunisalimia, akanipita uani, akamuuliza Mama niko wapi. Nilimwacha atafute kidogo. Nilitaka kujua itamchukua muda gani.

Baba hakuniuliza hata siku moja najisikiaje. Nilikuwa na gauni moja la kitenge cha bluu. Nilipovimba alilifungua ubavuni, akaongeza kipande. Vidonge vya kukojoa viliponitoa maji, akalipunguza. Nikavimba tena, akalifungua tena. Gauni lile ndilo lililokuwa kalenda yetu. Wakati wa kiangazi cha kwanza lilikuwa jembamba, tukathubutu kusema nitarudi chuoni. Mvua za vuli zilipoanza lilikuwa pana kuliko la Mama, na chuo hakikutajwa tena.

Ikaja Ramadhani, mwaka 1992. Nyumba nzima ilifunga isipokuwa mimi, niliyekuwa na ruhusa. Jioni walikaa kuzunguka mkeka, azana ikalia, wakanywa. Niliwaona koo zao zikipanda na kushuka. Mfungo wangu haukuwa na magharibi.

Ndipo nilipoanza kutia udhu. Sikuwa nimeswali kwa hiari tangu sekondari, na Mama alijua. Lakini udhu una kusukutua mdomo, mara tatu, na swala ni tano kwa siku. Nilikuwa nachota maji kwa kiganja, nayajaza mdomoni, nayazungusha polepole kwenye fizi, nyuma ya meno, chini ya ulimi, kisha nayatema yote. Yote. Hilo nalisema kwa kuwa utajaribiwa. Mama alinichungulia dirishani akiwa na machozi. Alidhani nimerudi kwa Mungu. Sikumkatalia. Baada ya wiki kadhaa hata mimi sikuwa na hakika nilikuwa nafanya nini, maana kuna utulivu fulani katika maji yanayopita usoni na kwenye mikono, na nilipoutafuta katika kemia yangu sikuuona.

Mama pia aliniletea kombe. Mwalimu mmoja wa mtaani aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, wino ukaoshwa kwa maji, na maji yale yakaletwa nyumbani yamefunikwa kitambaa, bakuli zima.

"Siwezi kunywa bakuli zima, Mama. Nimeshapima ya leo."

"Maji ya dokta unakunywa. Ya Mungu unapima."

Tulipatana kwamba siku ya kombe yasiwepo maji mengine. Nililinywa. Lilikuwa na harufu ya waridi na uchungu kidogo. Sikulinywa kwa imani wala kwa kumridhisha. Ningelinywa hata kama ni maji ya kuoshea sufuria.

Shangazi alikuwa akinitumia chakula kupitia madereva wa Kabuga: ndizi, maharage ya kuunga bila chumvi, kwa kuwa alikuwa ameuliza ninachoruhusiwa. Siku moja nilimwona Mama akilimimina bakuli zima chini ya mgomba, akalisuuza, akalirudisha kwa dereva na salamu za asante. Baba alikuwa amesimama pale na utepe wa kupimia shingoni.

"Ni dada yangu," akasema.

"Na huyu ni mtoto wako," Mama akajibu.

Baba aliingia ndani. Nilingoja cherehani ianze. Haikuanza.

Na mimi je? Nilisema kwamba nilikuwa nauliza kila kitu. Basi niliuliza na hilo pia. Kuna alasiri moja, nimelala, miguu imeinuliwa juu ya mito, nilijiuliza kwa sauti ya ndani kabisa: kwa nini hakuonja? Nilijua jibu. Nilijiuliza hata hivyo. Ugonjwa mrefu hufanya hivyo, nawe usishangae sana ukijikuta huko.

Masika yakarudi, na siku moja, katikati ya mvua, Shangazi akaja mwenyewe. Hakuingia. Alikaa barazani, kanga imelowa hadi mabegani, mikono mapajani. Nilikuwa mbaya zaidi wiki ile. Daktari alikuwa amenipunguzia hadi chupa moja, na yangu ya siku hiyo ilikwisha kabla ya adhuhuri.

"Karibu ndani, Dada," Baba akasema.

"Hapa panatosha." Akamtazama Mama. "Mama Rehema, nimekuja kuomba kikombe cha maji."

"Una kiu?"

"Sina. Nimekuja kumpa mtoto wangu maji. Nionje, anywe, mkiwa mnatazama. Maneno yamefika Kabuga, hawanunui tena chai yangu. Wanasimama, wananisalimia, wanavuka kwenda ng'ambo. Jana dereva amenirudishia kikombe, ananiambia, 'Mama, chai iko sawa, lakini nimeoa juzi tu.'" Akacheka kidogo, kicheko kilichokatika. "Nimekuwa mchawi wa watu walio kwenye ndoa mpya."

Hakuna aliyecheka naye. Mama aliingia jikoni, akaleta kikombe cha bati, kimejaa hadi ukingoni. Hadi leo sijui kwa nini alikijaza vile.

Nilikuwa nimepanga kunywa funda moja. Funda moja lingetosha kwa desturi na lisingenidhuru. Shangazi alionja, akameza wazi ili waone, akaninyoshea kwa mikono miwili kama siku ile. Nikakipokea. Maji yalikuwa ya baridi, ya mtungini, na yalipogusa ulimi mimi nikaondoka. Sina namna nyingine ya kulisema. Aliyekuwa anapanga funda moja hakuwepo tena. Nilikunywa bila kupumua, maji yakanimwagikia kidevuni, nikalamba mkono, na nikasikia sauti yangu ikisema, "Niongeze."

"Basi, mwanangu," Shangazi akasema. "Basi." Alikuwa analia, na alikuwa anatabasamu. Alidhani nimekunywa hivyo kwa ajili yake.

Asubuhi yake sikuweza kupumua nikiwa nimelala. Walinipeleka hospitali katika gari la jirani, nimekaa wima, midomo imegeuka rangi. Kikombe kimoja hakiwezi kufanya hivyo. Nilikuwa nazidi kuumwa siku nyingi kabla, na ningefika pale hata bila ya kikombe kile. Daktari mwenyewe alisema. Lakini hayo niliyaweza kuyasema baadaye, nilipopata pumzi. Siku ile nilisikia tu Mama akimwambia Baba, kwa upole kabisa, kama mtu asiyetaka kushinda, "Umeona?"

Nilikuwa nimetaka kumsafisha mtu, nikawa ushahidi dhidi yake.

Wodini nilikaa mpaka mvua zikaisha. Yule mzee wa Gikondo alikuwa kitanda cha upande wa wanaume, alinitumia salamu kupitia nesi kwamba baa ikifunguliwa asisahaulike. Alifariki kabla ya kiangazi. Dawa ilibadilishwa. Ikabadilishwa tena. Gauni likapanuka, likapungua, kitambaa cha ubavuni kikawa na matundu ya sindano kama kichujio. Baba alikwenda Kabuga mara moja, peke yake, akarudi na macho mekundu, na hakusema waliongea nini. Shangazi hakutuma tena chakula.

Kisha, kiangazi cha mwaka 1993, nikaanza kupona. Hakukuwa na siku maalumu. Miguu ilikauka, povu likapungua, uso ukarudi taratibu. Daktari alitazama matokeo, akayatazama tena, akasema, "Kunywa."

"Kiasi gani?"

"Ukiwa na kiu, kunywa."

"Nimepona kwa nini?"

Akatabasamu kwa uchovu. "Hatujui."

Mama anasema ni kombe. Daktari anadhani ni dawa ile ya mwisho. Mimi bado nauliza. Ninachoweza kukuambia wewe uliyeambiwa upunguze maji ni machache: meza dawa zako, sukutua na uteme, pima mbele ya watu wa nyumba yako ili wajue huchezi. Na kama wanakwenu wana desturi kama yetu, waeleze mapema, kila mmoja, kwa nini unakataa kikombe. Kikombe kilichokataliwa hakikai kimya.

Niliposikia naweza kunywa, sikunywa nyumbani. Nilipanda basi dogo kwenda Kabuga.

Mgahawa wa Shangazi ulikuwa bado wazi, lakini ulikuwa umebadilika. Hakuwa akimpa mtu kitu mkononi. Aliweka jagi na birika juu ya meza ndefu, vikombe vimefudikizwa pembeni, na kila mteja alijimiminia mwenyewe. Wateja wawili watatu walikuwepo, wakinywa kimya. Yeye alikaa mbali, karibu na mlango wa nyuma, mahali ambapo kila mtu angeweza kuona mikono yake.

"Rehema," akasema. "Umekonda." Hakuinuka.

"Shikamoo, Shangazi. Nimeruhusiwa maji."

"Marahaba. Jagi lile pale."

Nikaenda mezani. Wale wateja walikuwa wananitazama. Nadhani walinijua, au walijua habari zangu. Nikafudua kikombe, nikamimina, nikakijaza hadi ukingoni. Nikaonja. Nikameza wazi, ili waone. Kisha nikavuka chumba, nikapiga goti, nikamnyoshea kwa mikono miwili.

Alikitazama kikombe.

"Leo nimefunga," akasema.

Ilikuwa Alhamisi. Shangazi hufunga Alhamisi, siku zote. Huenda ilikuwa kweli, na huenda ilikuwa njia yake ya kuniambia kwamba ameshachoka na maji yetu. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuuliza.

"Basi nitangoja," nikasema.

"Magari ya Kigali hayatembei jua likizama. Kuna vizuizi."

"Nitalala hapa."

Nikakiweka kikombe juu ya kigoda kati yetu, nikakifunika kwa kisahani. Wateja waliondoka mmoja mmoja. Basi la mwisho lilipiga honi barabarani, likangoja, likaenda. Aliniuliza habari za Baba, nikamwambia. Hakuuliza za Mama, nami sikuzitaja, kwa kuwa sikuwa na salamu yoyote niliyotumwa.

Azana ilipolia kutoka msikiti mdogo nyuma ya soko, Shangazi aliondoa kisahani. Alisema bismillahi. Alikunywa bila kupumua, maji yakimmwagikia kidevuni, mpaka kikombe kikawa kikavu. Kisha akaninyoshea kikiwa kitupu.

"Niongeze," akasema.